Ukuta wa Boma Hautoshi: Ua na Geti la Kidimbwi cha Kuogelea

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha ushuke polepole)

Uwe jikoni, uwe dukani, au uwe umemfunga mtoto mgongoni ukielekea kliniki, tega sikio tuzungumze kidogo.

Leo tunazungumza juu ya maji. Si maji ya kunywa, wala si kipindupindu na homa ya matumbo. Ni maji yaliyokusanyika karibu na nyumba, na hasa kidimbwi cha kuogelea.

Huenda unajiambia, "Hayo ni mambo ya matajiri. Mimi sina kidimbwi." Subiri kidogo. Siku hizi vidimbwi viko katika fleti nyingi za kupangisha, jijini Nairobi, Mombasa, Mtwapa na hata Kisumu. Familia 30 zinalipa kodi, kidimbwi ni kimoja, na watoto wote wanacheza uwanja mmoja. Tena kuna akina mama wanaofanya kazi katika nyumba zenye vidimbwi, na wengine hupeleka watoto kwa jamaa Malindi au Diani likizo ya Desemba ikifika. Kidimbwi kinaweza kuwa cha mtu mwingine, lakini mtoto ni wako.

Mtoto huzama kimya

Tuanze na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Tumezoea kuona kwenye filamu mtu anayezama akipiga kelele na kupunga mikono. Mtoto mdogo hazami hivyo. Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 ana kichwa kizito kikilinganishwa na ukubwa wa mwili wake. Akiinama kuokota mpira au kutazama sura yake majini, hutangulia kichwa na kuingia. Akishaingia, maji hujaa mdomoni kabla hajapata nafasi ya kulia. Wewe uliye jikoni hutasikia chochote.

Dakika 2 chini ya maji zinatosha mtoto kupoteza fahamu. Ikifika dakika ya 4 hadi ya 6 bila hewa, ubongo huanza kuumia, na hata akiokolewa huenda akabaki na ulemavu wa maisha. Sasa fikiria dakika 2 ni muda gani. Ni muda wa kupokea simu. Ni muda wa kugeuza chapati mbili. Ni muda wa kufungua geti aliyeleta gesi aingie.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5. Vifo zaidi ya 9 katika kila 10 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa uliamua mwaka wa 2021 kwamba tarehe 25 Julai kila mwaka iwe siku ya kuikumbusha dunia juu ya kuzuia kuzama.

Mama, mtoto akizama watu huuliza upesi, "Mama yake alikuwa wapi?" au "Yaya alikuwa anafanya nini?" Ukweli ni kwamba hakuna binadamu anayeweza kumtazama mtoto bila kupepesa macho kutoka asubuhi hadi jioni. Jicho huchoka, na mikono ina kazi nyingi. Ua ndio unaosimama pale jicho linapoondoka.

Ukuta wa boma na ua wa kidimbwi ni vitu viwili

Mwenye nyumba akiulizwa kama kidimbwi chake kina ua, mara nyingi atasema, "Ndiyo, si unaona ukuta?" Ni kweli, kuna ukuta wa futi 8, vigae vya chupa juu, waya wa umeme, na askari getini. Lakini ukuta huo umejengwa kuzuia mwizi aliye nje. Mtoto hayuko nje. Mtoto yuko ndani, pamoja na maji. Akifungua mlango wa jikoni, hakuna kitu kati yake na kidimbwi.

Ua tunaouzungumzia leo ni ule unaokizunguka kidimbwi chenyewe pande zote 4, ukakitenga na nyumba, na uwanja wa kuchezea, na mahali pa kuanikia nguo. Mtu anayetoka nyumbani hafiki majini mpaka apite geti la kidimbwi.

Tofauti hiyo ni kubwa. Watafiti waliochunguza ajali za watoto katika nchi zenye vidimbwi vingi walilinganisha nyumba za aina mbili: zile ambazo ua huzunguka shamba lote na nyumba hufungukia kidimbwini, na zile ambazo ua hukitenga kidimbwi pande zote 4. Waliona kwamba ua wa pande 4 hupunguza hatari ya mtoto kuzama kwa asilimia 83. Kwa sababu kama hizo New Zealand ilipitisha sheria ya nyua za vidimbwi mwaka wa 1987, na jimbo la New South Wales nchini Australia likafanya hivyo mwaka wa 1992. Vipimo nitakavyotaja vinatokana na vile vinavyotumiwa Australia na Marekani. Chukua kalamu uviandike, kisha umpe fundi wako.

Vipimo vya ua

Kwanza, kimo. Ua usipungue mita 1 na sentimita 20, yaani futi 4. Ukiweza kufika futi 5, ni bora zaidi. Pima kutoka upande wa nje, pale mtoto anaposimama. Kama kuna kitalu cha maua kilichoinuliwa au ngazi kando ya ua, pima kutoka juu ya hicho kitu, kwa sababu hapo ndipo mguu wa mtoto utakapoanzia.

Pili, nafasi kati ya vyuma vya wima. Isizidi sentimita 10, yaani inchi 4. Mwili wa mtoto hupita mahali ambapo mtu mzima hawezi kuamini. Njia rahisi ya kupima ni hii: kata kadibodi ya duara yenye upana wa sentimita 10, kisha uipitishe kati ya vyuma. Ikipita, mwambie fundi aongeze chuma.

Tatu, nafasi ya chini. Ua usiache mwanya wa zaidi ya sentimita 10 juu ya saruji. Kama chini ni udongo, nyasi au kokoto, mwanya usizidi sentimita 5. Mvua huchukua udongo, mbwa naye huchimba, na mwanya wa leo si mwanya wa mwezi ujao.

Nne, kupanda. Hapa ndipo nyua nyingi nzuri za kutazama zinaposhindwa. Vyuma vya kulala na maua ya chuma ya mapambo ni ngazi kwa mtoto wa miaka 3. Vyuma visimame wima. Vile vya kulala viwe viwili tu, kimoja juu na kimoja chini, viachane angalau sentimita 90, na fundi avipige upande wa ndani, upande wa maji.

Tano, eneo la nje ya ua. Kwa umbali wa sentimita 90, yaani futi 3, pasiwe na kitu cha kukanyagia. Kiti cha plastiki, kreti ya soda, ndoo iliyofunikwa, baiskeli, mti wenye matawi ya chini, au tangi la maji: vyote viondoke. Ua wa futi 4 ukiwa na kiti kando yake si ua wa futi 4 tena.

Sita, kitu cha kutengenezea. Vyuma vya wima ni vizuri kwa sababu vinazuia mtoto na vinakuacha uone maji kutoka nyumbani. Ukuta wa mawe huzuia, lakini unaficha maji. Waya wa chenlinki una tatizo lake: tundu zikiwa kubwa, kidole cha mguu huingia na mtoto hupanda. Ikibidi kuutumia, chagua wenye tundu ndogo. Ua wa miti ya kupandwa, kama michongoma, hautoshi peke yake. Una mianya chini, na mtoto ana subira ya kuitafuta.

Mwisho, kama ukuta wa nyumba yenyewe ndio upande wa 4, basi kila mlango na kila dirisha linalofungukia kidimbwini limekuwa geti. Mlango lazima ujifunge wenyewe na uwe na komeo juu kabisa. Madirisha yawe na vyuma vyenye nafasi isiyozidi sentimita 10. Lakini kila inapowezekana, jenga pande zote 4 na uiache nyumba nje.

(Muziki, sekunde 10)

Geti ndilo moyo wa ua

Mpenzi msikilizaji, unaweza kujenga ua wa pesa nyingi, na geti moja baya likaufanya wote kuwa kazi bure. Watu huingia na kutoka getini. Aliyebeba taulo, aliyebeba mtoto, aliyebeba trei ya juisi, huyo hana mkono wa kufunga. Kwa hiyo geti lisimtegemee mtu. Lijifunge lenyewe.

Geti zuri la kidimbwi lina mambo manne.

La kwanza, hujifunga. Bawaba zake zina springi, au limetundikwa kwa namna ambayo uzito wake hulirudisha. Ukiliachia likiwa limefunguliwa kote, lirudi. Ukiliachia likiwa limefunguliwa kidogo tu, upana wa kiganja, lirudi pia.

La pili, hujikaza. Kurudi peke yake hakutoshi, komeo lazima lijishike lenyewe bila mkono wa mtu. Geti lililorudi bila komeo kushika husukumwa na mtoto kwa kidole kimoja.

La tatu, hufunguka kwenda nje, mbali na maji. Mtoto akilisukuma kutoka nje, atakuwa analifunga zaidi. Geti linalofunguka kuelekea kidimbwini humkaribisha.

La nne, komeo liko juu. Australia hutaka mahali pa kufungulia pawe mita 1 na nusu kutoka chini, na Marekani inchi 54, yaani sentimita 137 hivi. Kama geti ni fupi kuliko hapo, nguzo ya komeo inaweza kurefushwa. Geti la komeo la chini, la kuinua kwa kidole, mtoto wa miaka 2 atalisomea siku moja tu kwa kukutazama.

Geti liwe la mlango mmoja. Yale ya milango miwili ni magumu kujikaza vizuri. Wengine huuliza kuhusu kufuli. Kufuli ni nzuri kwa usiku, au kama familia imesafiri, au kidimbwi hakitumiki. Lakini kufuli haiwezi kuchukua kazi ya springi na komeo. Kufuli huhitaji mtu akumbuke, na siku ya ajali ni ile siku ambayo mtu alisahau.

Kuna mazoea mengine ya hatari: kuweka jiwe au matofali ili geti likae wazi. Hutokea sana siku ya sherehe, wageni wakiwa wengi. Jiwe hilo limefuta pesa zote ulizotumia kwa fundi. Ukiliona, liondoe, hata kama si nyumba yako.

Kagua geti kila mwezi. Lifungue kote, liachie. Lifungue nusu, liachie. Lifungue kiganja kimoja, liachie. Mara zote tatu lazima usikie mlio wa komeo likishika. Lisiposhika hata mara moja, mwite fundi siku hiyo hiyo, na mpaka atakapokuja, geti lifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Sisi wa Pwani tuna sababu zaidi ya kukagua, kwa maana chumvi ya bahari hula springi na bawaba upesi. Tumia zisizoshika kutu kama unaweza, na uzipake mafuta.

Vitu visivyochukua nafasi ya ua

Maboya ya kupuliza ya mikononi si kinga. Hutoboka, huvuka mkono, na humfanya mtoto aamini kuwa anaelea mwenyewe. Siku atakayokwenda bila maboya hataona tofauti.

Turubai lililotandazwa juu ya maji pia ni hatari. Mtoto akilikanyaga, linamfunika, na anayetafuta hamwoni.

Mafunzo ya kuogelea ni mazuri sana. WHO huhimiza watoto wa umri wa shule, kuanzia miaka 6, wafundishwe. Lakini mtoto mdogo aliyejifunza kwa mwalimu, akiwa na nguo za kuogelea, si yule anayeanguka ghafla akiwa na viatu na sweta. Mafunzo huongezwa juu ya ua, hayaondoi ua.

Na maji ya kijani je? Kidimbwi kilichoachwa bila kusafishwa ni hatari maradufu, kwa sababu mtoto akiwa chini haonekani hata ukisimama ukingoni. Vivyo hivyo kidimbwi kilichokaushwa wakati wa ukarabati. Mvua za Machi hadi Mei hukijaza tena bila mtu kutambua. Ua unahitajika hata kama hakuna anayeogelea.

Ukiwa mpangaji

Mama anayepangisha atasema, "Haya yote ni ya mwenye nyumba. Mimi nitafanya nini?" Una nguvu kuliko unavyodhani.

Kabla ya kulipa amana ya nyumba, nenda ukaone kidimbwi kama unavyoangalia mfereji na choo. Lifungue geti uliachie. Lisipojifunga, mwambie keateka mbele ya wengine, na uombe litengenezwe kabla ya kuhamia.

Kama tayari unaishi hapo, usiende peke yako. Zungumza na akina mama wenzako wenye watoto, mwandike barua moja, mtie sahihi wote, na mbaki na nakala. Semeni waziwazi kinachokosekana: "Ua hauko upande wa maegesho," au "Komeo la geti limevunjika." Barua ya watu 10 haitupwi kirahisi kama maneno ya mmoja.

Sheria nayo iko upande wenu. Kenya ina sheria ya wajibu wa anayesimamia mahali, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Inamtaka achukue tahadhari inayofaa ili watu walioruhusiwa kuingia wasidhurike. Tena inasema atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kibao cha "Ogelea kwa hiari yako" hakisomwi na mtoto wa miaka 3. Mkikosa kusikilizwa, mwendeeni afisa wa afya ya umma wa kaunti yenu.

Kwa yaya na anayemwachia yaya mtoto

Dada yangu unayelea mtoto wa mwenzako, kazi yako ni kubwa. Tunajua huachiwa mtoto, nguo, vyombo na chakula kwa wakati mmoja. Kama nyumba ina kidimbwi na geti ni bovu, mwambie mwajiri wako siku hiyo hiyo, bila kuogopa. Na wewe mwajiri, usimkasirikie. Amekuokolea mtoto.

Mwonyeshe yaya mpya kidimbwi siku ya kwanza, kabla hujamwonyesha jiko. Mwambie sheria za nyumba: mtoto haingii getini bila mtu mzima, na mtu huyo mzima hashiki simu. Kama mtoto yuko majini, yaya hafui. Kama anafua, mtoto hayuko majini. Mambo mawili hayaendi pamoja.

Siku ya sherehe, tajeni jina la anayetazama. Watu 20 wakiwa kando ya maji, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Mtu mmoja ashike zamu ya dakika 20, kisha amkabidhi mwingine kwa maneno: "Sasa ni wewe." Watoto wakimaliza kuogelea, toeni mipira na vitu vya kuchezea majini, kwa sababu ndivyo vinavyomwita mtoto arudi.

Mtoto atalia getini akitaka kuingia. Mwache alie. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Usiye na kidimbwi

Fikra ni ile ile: weka kitu kati ya mtoto na maji. Kisima kiwe na kifuniko kizito chenye kufuli. Tangi la chini ya ardhi lifunikwe kwa mfuniko ambao mtoto hawezi kuinua, na shimo la taka au la choo kipya lizungushiwe mbao au mabati mpaka kazi iishe. Ndoo na karai zimwagwe zikishatumika, maana sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea. Kidimbwi cha plastiki cha kupuliza kimwagwe na kipinduliwe kila jioni.

Ajali ikitokea

Mtoto akipotea machoni, tafuta majini kwanza. Usianze chini ya kitanda wala kwa jirani. Ikiwa yuko nyumbani, sekunde hizo hazitamdhuru. Ikiwa yuko majini, ndizo zitakazomwokoa.

Mtoe majini, mlaze chali mahali pagumu, piga kelele watu waje. Mtu mmoja apige simu 999 au 112 na kutafuta gari. Tazama kama anapumua. Kama hapumui, inua kidevu chake kidogo, ziba pua, na umpulizie pumzi 5 mdomoni, kifua kikiinuka kila mara. Kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, kichwa kikiwa kimenyooka. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke theluthi moja ya unene wake. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikikizunguka kifua chake. Kisha pumzi 2, halafu bonyeza 30 tena. Usiache mpaka apumue au msaada ufike.

Usimning'inize miguu juu. Usimkamue tumbo ili kutoa maji. Hayo hupoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa leso kavu. Hata akionekana mzima, mpeleke hospitalini, kwa maana mapafu yanaweza kumsumbua saa chache baadaye.

Maswali ambayo akina mama huuliza

Swali: Kidimbwi cha watoto kina maji ya kufika magotini tu. Nacho kinahitaji ua?
Jibu: Ndiyo, mama. Kinafika magotini mwako. Mtoto aliyeanguka kifudifudi hasimami kwa urahisi. Kiwe ndani ya ua huo huo, chenye geti lile lile.

Swali: Mwenye nyumba anasema ua utaharibu sura ya boma.
Jibu: Vyuma vyembamba vya wima, vikipakwa rangi nyeusi, havifichi maji wala bustani. Mwonyeshe vipimo tulivyotaja. Ua mzuri unapendeza kuliko turubai la matanga.

Swali: Pesa za ua mzima hatuna sasa. Tufanye nini?
Jibu: Kausheni kidimbwi mpaka mtakapozipata, na msiache kiwe mtego wa mvua. Kama hakiwezi kukaushwa, wekeni komeo la juu kwenye kila mlango unaoelekea huko, na mtoto asitoke bila kushikwa mkono. Lakini hayo ni ya muda tu. Anzeni kuweka akiba ya ua leo.

Swali: Binti yangu ana miaka 9 na anajua kuogelea. Bado nina wasiwasi?
Jibu: Mfundishe kulifunga geti, asimfungulie mdogo wake, na asiogelee peke yake. Mwambie pia kwamba akiona mtoto majini apige kelele na kurusha kitu kinachoelea, asiruke mwenyewe.

Mambo ya kukumbuka

1. Ukuta wa boma huzuia wezi. Kidimbwi kinahitaji ua wake, pande zote 4.
2. Kimo si chini ya futi 4. Nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 10. Pasiwe na kitu cha kupandia.
3. Geti lijifunge, lijikaze, lifunguke kwenda nje, na komeo liwe juu.
4. Kagua geti kila mwezi. Usiliwekee jiwe kamwe.
5. Mtoto akipotea, tafuta majini kwanza.

Mpenzi msikilizaji, kabla ya jua kuzama leo, tembea mpaka kwenye maji yaliyo karibu nawe. Fungua geti, liachie, usikilize. Usiposikia komeo likishika, umepata kazi ya kesho asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili, ufa ni mtoto kupita. Mwambie na jirani yako aliyekosa kipindi hiki. Kwaheri kwa sasa, na Mungu awalinde watoto wetu.

(Muziki wa kipindi upande, kisha umalizike)